Re: M113 ya nyumbani: kuiwasha baada ya kukaa, na minyororo

> Ndugu zangu, M113A1 (gari la kivita la minyororo la kubeba askari) yenye injini ya 6V53 imekaa miaka kadhaa bila kuwashwa. Betri ni mpya. Kuna la kufanya kabla ya kupiga stata? Na uwanja wa matofali ya kupanga utaihimili?

Kaka, stata iache kwanza. 6V53 ni dizeli ya mipigo miwili, silinda 6, lita 5.2, na ikikaa sana injekta (vipulizia dizeli) huganda. Reki (vijiti vinavyopima dizeli) za injekta za upande mmoja zimeshikwa na fimbo moja, kwa hiyo ikiganda moja kwenye mafuta mengi inazishikilia na wenzake. Hapo injini inapandisha mizunguko yenyewe, na swichi haitaizima.

Fungua vifuniko vya vali pande zote mbili, sukuma fimbo kwa vidole. Inatakiwa iende na kurudi laini. Ikigoma, legeza injekta moja moja mpaka umpate mgomvi. Kisha, kama injini yako ina kibao cha dharura cha kuziba hewa, hakikisha kinafunga kabisa, na siku ya kuwasha mtu asimame na ubao bapa wa kuziba mdomo wa hewa. Ubao, si kiganja.

Ukiwa umefungua hapo, tazama vijibomba vya dizeli. Vinapita chini ya vifuniko hivyo hivyo, na vikivuja dizeli inashukia kwenye oili. Kijiti kikionyesha oili imepanda na inanuka dizeli, imwage yote. Weka oili ya SAE 40 ya daraja moja. Hizi za 15W-40 waachie malori. Halafu vuta kebo ya kuzimia mafuta, piga stata vipindi vifupi ukiipumzisha, mpaka geji ya oili inyanyuke. Ndipo uachie kebo.

Umeme ni volti 24, betri mbili za 12 mfululizo. Injini ikizunguka usome kama 28. Ukibaki 25, haichaji.

---

Naongezea upande wa minyororo.

Uzito si tatizo la matofali, kwa sababu tani 11 na ushee zimetandazwa juu ya minyororo miwili mipana. Kinachong'oa matofali ni kukata kona. Pita moja kwa moja, na pale pa kugeukia tandika vipande vya mkanda mzito wa mpira. Zile breki za kugeuza papo hapo usiziguse kabisa juu ya matofali au lami. Mifuniko ya maji taka na shimo la choo izunguke.

Kukaza: endesha mbele kidogo, acha gari lisimame lenyewe bila breki, ndipo upime ulegevu. Ukisimama kwa breki mnyororo unajivuta upande mmoja na kipimo kinakudanganya. Kikazio ni cha grisi: unapiga grisi kukaza, unaifungulia kulegeza. Kikifika mwisho wa safari yake, toa pingili moja. Legeza kabisa, funga jeki mbili za mnyororo kushoto na kulia kwa pini, vuta mpaka pini iache kubeba mzigo, kisha igonge itoke. Ukigonga huku mnyororo umevutika, pini haitoki na unaharibu mpira wa ndani.

Tazama na meno ya sproketi (gurudumu la meno linalovuta mnyororo). Yakiwa yamepinda kama ndoana, pini zimelika na pingili zimerefuka. Mnyororo mpya juu ya meno hayo unakufa haraka.

Mnyororo huruka hasa ukiwa mlegevu, ukirudi nyuma huku unakata kona, au ukikata kona kwenye mteremko wa ubavu. Ukisikia mlio wa kukwaruza upande mmoja, simama hapo hapo. Mita 2 zaidi zinatosha kuukunja.

---

Jambo ambalo wengi hulisahau: kwenye M113A1 mikono miwili ya usukani ndiyo breki. Sproketi ya mbele ndiyo inayoshika mnyororo, kwa hiyo mnyororo ukitoka, upande huo hauna breki, hata ya kuegesha. Weka magogo kwenye magurudumu pande zote mbili kabla ya kugonga pini.

Mfuniko wa dereva ufungie kwa komeo lake kila unapotoa kichwa. Ni chuma kizito na ukianguka haurudi nusu njia. Anayekuongoza asimame mbele pembeni, unapomwona, kamwe si kati ya gari na ukuta.

Na kabla ya kutoka getini, uliza mamlaka ya huko uliko kuhusu leseni ya magari ya minyororo na bima. Leseni ya gari dogo pekee huenda isitoshe. Pedi za mpira za mnyororo zikilika hadi chuma kiguse lami, barabarani usiende.