Tanzia kaipaka pinki na maua yanacheza, halafu MIMI ndiye naambiwa napiga pasi maandishi!!!

Wakuu, mods naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa michango ya harusi. Huu ni wa peke yake.

Simtaji. Mnamjua. Yule yule ambaye hata salamu yake ina alama tisa za mshangao.

Mwaka mzima najitolea kwenye tovuti ya chama chetu cha wazawa. Silipwi hata bando. Nilivyoipokea, katiba iko kwa Times New Roman, orodha ya viongozi iko kwa herufi zimelala upande kama zimetoka kilabuni. Mara "mwanachama", mara "mwana chama", mara "Mwana-Chama". Kikao kimoja kimeandikwa "saa 3 asubuhi", kinachofuata "9:00". Wazee wawili wakaja saa tisa alasiri, wakakuta viti vinapakiwa kwenye kirikuu.

Nikakesha. Vichwa vya habari vyote nikavipa mtindo mmoja wa kichwa, siyo unakoleza tu wino unasema hicho kichwa. Saa zote za Kiswahili. Hela zote "Sh 20,000", hakuna mara Tsh mara TZS. Nikawaandikia na mwongozo wa karatasi moja. MOJA. Ukitoa kitu kwenye Word bandika kwa Ctrl+Shift+V, yale makorokoro ya rangi na ukubwa yabaki hukohuko yalikotoka.

Juzi mama yetu mmoja katangulia mbele za haki. Nafungua websaiti alfajiri nisome ratiba ya mazishi. Wakuu. TANZIA, pinki. Comic Sans, zile herufi za katuni. Imepigiwa mstari. Pembeni maua yanacheza. Na juu kabisa: KARIBUNI WOTE TUFURAHI PAMOJA!!! Kachukua tangazo la bonanza la Desemba, kafuta katikati, kabandika msiba. Chini hakufika. Chini imebaki "Mavazi: fulana nyeupe na raba."

Nikarekebisha kimyakimya. Nyeusi, maua nje. Hazijapita dakika kumi karudisha. Eti rangi inachangamsha. Msiba unachangamshwa?

Lakini hilo ningemeza. Nikamfuata kwenye grupu, nimeanza na shikamoo mzee, kwa adabu zote. Marahaba hakuna. Mbele ya watu 214 kaandika: "Mwacheni huyo kijana, yeye kazi yake ni kupiga pasi maandishi."

Kupiga pasi. Maandishi. Na kundi zima likacheka. Mfiwa mwenyewe kaweka kile kikatuni cha kutoa machozi kwa kicheko. MFIWA!

Hata kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na kila kitu kinajua pa kukaa. Hujawahi kununua kanga ukakuta jina limepandia kwenye pindo. Sasa mimi kuweka jina mahali pa jina ndiyo napiga pasi?

Nimeshindwa kula. Kupiga pasi!

Mjomba_Kandambili: Uzi bila picha ni chai. Tuwekee hiyo tanzia tuyaone maua.

binti wa Makorora: Pole mkuu. Ila nimecheka kwenye raba, Mungu anisamehe.

Kiroboto2: Mleta mada analilia mpangilio mmoja, yeye mwenyewe mara "tovuti" mara "websaiti", mara "grupu" mara "kundi". Pasi yako imekatika umeme?

mleta mada: @Kiroboto2 nimeandika nikiwa na hasira. Hasira haina mwongozo. Na bado hujasema kama ni haki kuniambia napiga pasi.

Fundi Saa: Comic Sans aliichora Vincent Connare pale Microsoft mwaka 1994, baada ya kuona katuni ya mbwa kwenye programu inaongea kwa Times New Roman, akaona haimfai mbwa. Kwa hiyo hapo msiba katangaza mbwa.

binti wa Makorora: 😭😭 acheni jamani kuna marehemu

Mzee wa Leja: Kijana kwenye rangi nakuunga mkono. Kwenye hela HAPANA. Sh 20,000 bila /= ni hela gani? Ule mkwaju unatenga shilingi na senti, ile = inasema senti hakuna. Ukiacha wazi mtu anachomekea zake.

Kiroboto2: Senti mara ya mwisho umeziona wapi mzee wangu?

Mzee wa Leja: Sijasema nimeziona. Nimesema nafasi yake inafungwa.

mama Chapati: Afadhali nyie rangi tu. Kwenye vikoba vyetu katibu anafupisha anavyojisikia. Mwenyekiti alitakiwa awe "Mhe.", kaandikwa "Mar." Mzima kabisa, yuko dukani kwake anauza unga, mkewe anapigiwa simu za pole. Na rambirambi mbili zilishatumwa.

Mjomba_Kandambili: Zilirudishwa?

mama Chapati: Thubutu.

Mzee wa Leja: Ziliandikwa na /= au bila?

mleta mada: Jamani turudi kwenye mada. Mtu kaniambia napiga pasi mbele ya watu 214.

Dogo wa Kirikuu: Mimi nina swali nje ya mada. Huku kwetu umeme unakatika kila jioni na kesho nina usaili. Kuna mwenye pasi ya mkaa anauza?

mama Chapati: Ninayo. Elfu ishirini na tano, haipungui.

Dogo wa Kirikuu: Ya jogoo?

mama Chapati: Ya jogoo, ila kilemba chake kimevunjika. Njoo PM.

Mjomba_Kandambili: Nina elfu ishirini taslimu, saa hii.

Dogo wa Kirikuu: Mkuu mimi nimetangulia, nina usaili.