Barua za fomu ya tovuti hazifiki kwenye domeni yetu wenyewe

mtandao_kla
Wakuu, mfano.co.ug ilikuwa na tovuti na baruapepe kwenye seva moja ya Postfix (programu ya kupokea na kutuma barua) hapa Kampala. Baruapepe imehamishiwa seva mpya, MX (rekodi ya DNS inayotaja seva ya kupokea barua za domeni) imebadilishwa. Watu wa Gmail wakiandika, zinafika. Fomu ya tovuti ikituma kwa anwani ya info, inarudi papo hapo: *550 5.1.1 User unknown in local recipient table*. MX iko sawa, TTL (muda ambao rekodi ya zamani hukumbukwa) ya saa 4 imeshapita. Kosa liko wapi?

fundi_foleni
MX haina kosa ssebo, ila seva ya zamani haiisomi kabisa. Kabla ya kwenda DNS, Postfix huangalia kama domeni ni yake. Ikiwa imo kwenye mydestination, yaani orodha ya domeni ambazo seva inazipokelea barua yenyewe, barua inaishia humohumo. Neno "local" kwenye kosa lenyewe limeshakujibu.

Endesha `postconf -x mydestination`. Usiache hiyo -x, maana huenda jina limeingia kwa mlango wa nyuma kupitia `$mydomain`, kigezo kinachobeba jina la domeni, na -x hukifungua ulione. Litoe, acha localhost na jina la mashine, kisha `postfix reload`. Tuma moja, tazama mail.log: `relay=local` maana yake bado; ukiona jina la seva mpya na :25 (bandari ya barua), imetoka.

Zilizorudi na 550 usizitafute kwenye foleni, zitumwe upya. Zenye msimbo wa kosa unaoanza na 4 ndizo husubiri, na Postfix huzijaribu hadi siku 5.

dns_nakawa
Zikianza kutoka, SPF (rekodi ya DNS inayotaja IP zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeni) itakuuma. Fomu bado inatuma kwa IP ya tovuti, kwa hiyo ongeza ip4 yake kwenye rekodi ileile. Ukiandika rekodi ya pili ya v=spf1 umeziharibu zote mbili.

mtandao_kla
Kweli, ilikuwa `$mydomain`. Sasa log inasema *Connection timed out* kwenye :25.

fundi_foleni
Mara nyingi hapo mtoa huduma amefunga 25 kwenda nje. Weka relayhost, yaani seva ya kupitishia barua zinazotoka: seva mpya, bandari 587, TLS (usimbaji wa mawasiliano), jina la mtumiaji na nywila. Jina la seva lizungushie mabano ya mraba. Bila hayo Postfix hutafuta MX ya jina hilo na barua inaweza kugonga mlango mwingine. Na atakayekushauri uongeze 0.0.0.0/0 (yaani IP zote duniani) kwenye mynetworks, orodha ya wanaoruhusiwa kutuma kupitia seva yako, mpuuze. Hiyo haifungui 25, inawafungulia watu wa spam tu.