MJADALA: Matokeo ya wanafunzi yaendelee kubandikwa ukutani kwa majina na nafasi?

Baba Kidato cha Pili (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni.

Muhula ukifungwa, shule nyingi za sekondari hapa Tanzania zinabandika karatasi ndefu kwenye ubao wa matangazo: jina, alama za kila somo, wastani, daraja, nafasi, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Kwingine inasomwa mstarini na walioburuta mkia wanaitwa mbele. Siku hizi kuna na grupu la wazazi la WhatsApp. Mtoto hajafika nyumbani, majirani wameshajua amekuwa wa ngapi.

Msimamo wangu: mtoto apewe matokeo yake yote bila kufichwa, mzazi apewe, lakini orodha ya majina na nafasi iondoke ukutani na kwenye magrupu. Siombi huruma hapa. Orodha ile haimsaidii mtoto kujitambua. Aliyekuwa wa 87 kati ya 112 kajua nini kuhusu yeye mwenyewe? Hajaambiwa kwamba jometri anaiweza ila logarithimu zinamkwamisha. Hajaambiwa kwamba Historia anaielewa, tatizo ni kuieleza kwa Kiingereza, lugha aliyoanza kufundishiwa alipoingia kidato cha kwanza. Anajua kuna watu 86 mbele yake, na shule nzima inajua. Mtoto wa miaka 14 au 15 yuko kwenye umri wa kujiuliza yeye ni mtu wa namna gani, na shule inamjibu kwa namba. Mihula miwili mitatu ikipita hivyo, anaacha kunyoosha mkono hata kwa swali analolijua, maana jina la kilaza limeshamganda na kilaza hategemewi kujibu.

Baraza la Mitihani lenyewe, likitangaza matokeo ya kidato cha nne Januari 2023, liliacha kutaja shule bora na wanafunzi bora kitaifa, likasema utaratibu ule hauna tija. Sasa shule za huku chini zinang'ang'ania nini? Karibuni, matusi pembeni.

Mwalimu wa Hesabu

Ndugu mzazi, umeandika vizuri, ila umeandika kama mtu mwenye mtoto mmoja. Darasa langu moja lina watoto zaidi ya 90, na nina mikondo mitatu. Nimwandikie kila mmoja habari za jometri na logarithimu saa ngapi? Alama zinatakiwa zifike kwa mwalimu wa taaluma kabla shule haijafungwa. Ile karatasi ndiyo taarifa pekee ninayoweza kuitoa kwa wakati.

Pia usichanganye mambo. Shule zinazoshindanishwa kitaifa hazifanani. Moja ina maabara na bweni, nyingine watoto wanatembea mwendo mrefu kila asubuhi na mwalimu wa Fizikia hawana. Darasani kwangu wote wana mwalimu mmoja na ubao mmoja, kwa hiyo kuwapanga pale kuna haki zaidi.

Halafu mnamwongelea wa mwisho tu. Nimeona watoto waliopanda kutoka wa 60 hadi wa 20 wakirudi mara kwa mara kuitazama ile karatasi mpaka jioni. Fahari ile nayo ni kujiamini. Mkiiondoa orodha mnawanyang'anya hao.

Mzee wa Kijiwe

Sisi tulisomewa mstarini, tukachekwa, tukachapwa, na leo tuna kazi na familia zetu. Watoto wa sasa mnawadekeza mno.

Mama Wawili

Shikamoo mzee wangu. Wale wenzenu walioacha shule kwa aibu hawamo humu kutuandikia walikoishia.

Kipanga Mstaafu

Mimi nilikuwa wa upande ule wa juu. Shule ya msingi niliongoza darasa mpaka la saba, nikachaguliwa kwenda mojawapo ya shule za serikali za vipaji maalumu. Huko kila mtu alikuwa wa kwanza kwao. Nikajikuta katikati ya orodha, muhula mmoja hata chini ya katikati. Alama zangu zilikuwa A na B, lakini ukutani nilisomeka kama mtu wa kawaida kabisa, na nikaanza kuishi hivyo. Sikuuliza tena darasani. Fizikia niliyokuwa naipenda nikaiacha, kwa sababu walionipita kwenye somo hilo walikuwa wengi. Rafiki yangu tuliyetoka naye kijijini, ambaye nilikuwa nikimwacha mbali, alibaki sekondari ya kata akawa anaongoza, na alijiona daktari tayari. Na kweli akaenda kusomea udaktari.

Wasomi wamelichunguza hili. Herbert Marsh, mwanasaikolojia aliyefanya kazi kubwa Australia, ameonyesha tangu miaka ya 1980 kwamba mwanafunzi wa uwezo uleule hujiona dhaifu zaidi akiwekwa kati ya wenzake wenye uwezo mkubwa. Takwimu za mitihani ya kimataifa ya PISA nazo zikaonyesha hali hiyo katika nchi nyingi. Kwa hiyo, mwalimu wangu, nafasi inakueleza mtoto amekaa na nani. Habari za uwezo wake zimo kwenye alama zake na kwenye makosa yake.

Mwalimu wa Hesabu

Na pasingekuwa na ukuta usingejua wenzako wamepata ngapi? Mngeulizana bwenini usiku uleule.

Kipanga Mstaafu

Ningejua za watu watano wa karibu yangu, tena kwa kupenda wao. Hilo lingenitosha.

Nasaha Kwanza

Mimi nafanya kazi ya ushauri kwa vijana na naomba niwapinge wote kidogo.

Jimbo la California, Marekani, liliunda kikosi kazi mwaka 1986 kwa imani kwamba watoto wakijithamini zaidi, kufeli, mimba za utotoni na uhalifu vitapungua. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake walipitia tafiti zilizokuwapo, wakakuta kwamba kumpandisha mtoto kujithamini hakumpandishi alama, na kwamba mara nyingi kufaulu ndiko kunakotangulia. Albert Bandura, naye mwanasaikolojia, alishaandika tangu 1977 kwamba kinachompa mtu imani kubwa kuliko vyote kwamba jambo analiweza ni kuwa ameshalifanya akaliweza. Kwa hiyo Baba Kidato cha Pili, karatasi ikiondoka ukutani, fedheha itapungua. Kujiamini hakutakuja kwa hilo peke yake. Logarithimu bado hazijui.

Mwalimu, kuhusu muda nina pendekezo, na nimeona likifanyika. Unaposahihisha, piga vijiti kwenye karatasi ya pembeni kwa kila swali linalokosewa. Aghalabu darasa linaanguka kwenye maswali manne matano yale yale. Yafundishe hayo upya, kisha warudishie karatasi zao, kila mmoja atafute alama zake zimepotelea wapi. Mtoto akigundua kwamba alama 18 zimeishia kwenye mada moja, amejifahamu kuliko yule aliyesoma kwamba ni wa 87. Lakini karatasi za mtihani wa mwisho wa muhula, katika shule ninazozijua, mara nyingi hazirudi kabisa. Zinabaki ofisini zimefungwa kamba. Tunampa mtoto hukumu, ushahidi tunabaki nao.

Mwalimu wa Hesabu

Vijiti nimevichukua, nitajaribu. Na la karatasi kubaki ofisini siwezi kulibisha, kwetu zipo kabatini mpaka sasa.

Wakili wa Mtaa

Mmekwama ukutani. Hofu yangu mimi ni lile faili la kwenye grupu. Karatasi ya ukutani mvua inailowesha, mwezi ukiisha imebanduka. Faili linahamishwa simu hadi simu, na jina la mtoto na F zake vinaendelea kuwapo akiwa na miaka 25 anatafuta kazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za watoto imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Mkuu wa shule anayerusha orodha ya majina kwenye grupu lenye wazazi, wajomba na wauza vocha aisome kwanza. Mpelekeeni kila mzazi za mwanawe, simu zinaruhusu.

Wa Mkondo D

Shikamooni wote. Niko kidato cha tatu, mimi ndiye ninayebandikwa.

Kusema kweli matokeo yakitoka tunaulizana wenyewe, iwe kuna ukuta au hakuna, kwa hiyo Mwalimu yuko sahihi. Kinachouma ni kinachofuata. Kwetu walio chini ya wastani wanachapwa, halafu muhula mpya watu wanahamishwa mikondo kwa kufuata ile orodha. Wa juu wanaenda A. Sisi tupo D, tunaitwa D ya dampo. Kuna mwalimu akiingia kwetu anasema wazi amekuja kumaliza kipindi. Sasa hapo nikijitambua, nikajua kabisa kwamba Baiolojia naiweza, namwonyesha nani?

Wakili wa Mtaa

Marahaba mwanangu. Kanuni za viboko za 2002 zinasema fimbo ni kwa makosa makubwa ya nidhamu, zisizidi nne, na anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Kukosa hesabu si kosa la nidhamu. Mweleze mzazi wako.

Mzee wa Kijiwe

Marahaba mjukuu wangu. Fimbo tulizijua. La dampo hapana, enzi zetu darasa lilikuwa moja, mjinga na mwerevu dawati moja, mnaelekezana.

Mama Wawili

Mzee leo umeongea.

Baba Kidato cha Pili (mwanzisha mada)

Marahaba kijana, umenifungulia upande ambao sikuuandika. Kikao cha wazazi kikiitishwa nitaomba mambo matatu: majina yasibandikwe wala kurushwa kwenye grupu, karatasi za mtihani zirudishwe kabla ya likizo, na mikondo ichanganywe.

Mwalimu wa Hesabu

Mawili ya kwanza nitakuunga mkono. La tatu nitalipinga palepale kikaoni. Watoto 90 waliochanganyika, mmoja hajui kugawanya desimali, jirani yake anasubiri trigonometria. Nifundishe mwendo wa nani?

Wa Mkondo D

Mwalimu, samahani, hata humu D tuko hivyohivyo. Wa desimali tupo na wa trigonometria tupo.