Mpaka umefungwa, mama hasemi tena. Nimsaidie namna gani?

Binti wa Birere
Ba yaya na ba mama, nisaidieni. Mama yangu alikuwa anavuka kila asubuhi mpaka wa Petite Barrière, kutoka hapa Goma kwenda Gisenyi, Rwanda, anarangua nyanya na kabichi, anakuja kuuza soko la Virunga. Mwezi wa tatu mwaka huu wa 2020 mipaka ikafungwa sababu ya korona, tarehe 24 Rais Tshisekedi akatangaza hali ya dharura, na tangu pale mtaji tumeula wote. Sasa tuko mwezi wa sita. Mama anakaa kwenye benchi tangu asubuhi, simu sikioni, anasikiliza zile sauti za WhatsApp zinazosema watu wanakuja kutujaribia chanjo. Usiku halali. Bugali anaugusa tu. Mchungaji wetu, kwa sababu kanisa limefungwa, anakuja nyumbani, anasema ni roho chafu, tumfungishe kula siku saba. Mimi sijue tena nimsikilize nani.

Motari Katoyi
Pole dada. Kuna dawa za usingizi pale kwa duka la dawa, wanauza bila karatasi. Mpe moja jioni, atalala kama mtoto.

Muuguzi Ndosho
Motari, hapana! Dawa hizo mtu anazizoea haraka, na mama wa umri ule anaweza kuanguka usiku akienda choo. Binti, mimi nafanya kazi centre de santé, kituo cha afya. Kwanza mpeleke apimwe malaria, sukari na presha, maana mwili ukiumwa hata usingizi unakimbia. Kisha muulize kwa utulivu, mkiwa wawili tu: "Mama, unafikiria kufa? Unafikiria kujiua?" Usiogope, kumuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Akikubali, au akikataa kabisa kula na kunywa, msimwache peke yake, mpelekeni Tulizo Letu siku hiyo hiyo. Ni hospitali ya mambo ya akili, hapa hapa Goma. Watu wanaiita ya wazimu, waache waseme.

Mama Kadogo
Na kufunga? Mtu ambaye tayari hali chakula, unamfungisha tena siku saba? Mimi ni wa maombi, lakini hilo hapana. Mchungaji aombe, mama akule.

Yaya Himbi
Huyo mama hana mashetani, ana mawazo mingi, na ana sababu. Miaka yote alikuwa wa kwanza kuamka, watoto wanamngojea arudi na pesa. Leo mnamwambia "mama pumzika". Apumzike kutoka kwa nini? Mpeni kazi. Wakubwa wa biashara malori yao yanapita mpaka, ni sisi wa miguu tuliozuiwa. Basi kuna wamama wanaochanga, wanaagiza mzigo pamoja kwa lori, wanagawana ukifika. Mimi niko kwenye kundi moja. Hata bila mtaji tunahitaji mtu anayejua nyanya nzuri na mbovu, na mtu wa kushika daftari ya likelemba, ule mchango wa kupeana zamu.

Binti wa Birere
Yaya, hajui kuandika, ila hesabu ya kichwa hakuna anayemshinda.

Yaya Himbi
Atahesabu, wewe utaandika.

Muuguzi Ndosho
Nakubaliana na Yaya, ila kazi haichukui nafasi ya matibabu kama hali ni nzito. Na hiyo simu: usimnyang'anye, ataona mnamfanya mtoto. Mwekee redio saa ya habari, asubuhi na jioni, basi. Mchana aende nje kwenye jua, atembee hata mpaka ziwani kuchota maji nanyi, barakoa usoni. Wakati wa Ebola mwaka jana tulikuwa na washauri waliopita kwenye familia kuongea na wenye hofu, na nilijionea watu wanapona kwa kusikilizwa tu. Ninyi watoto muwe mnamuuliza habari za barrière zamani. Aongee.

Motari Katoyi
Sawa, nimefundishwa. Dada, siku ya kwenda hospitali nitakupeleka na mama bila pesa. Lakini safari mbili, sheria ni abiria mmoja mmoja.

Binti wa Birere
Aksanti sana wote. Nimemuuliza jana usiku. Amesema kufa hapana, ila amechoka kuwa mzigo. Halafu akaniuliza nyanya zinauzwa ngapi sasa Virunga. Kesho asubuhi tunaenda kupima malaria. Yaya Himbi, kundi lenu linakutana siku gani?

Yaya Himbi
Alhamisi, saa mbili asubuhi. Mwambie aje na kiti chake, vyetu havitoshi.