Mgeni wa Kijapani kwenye kipindi cha Kiingereza: dakika 40 zitumike vipi?

MwalimuWaKisauni

Assalaam alaykum walimu wenzangu. Darasa ni la Gredi ya 7, wanafunzi 58. Jumatano ya wiki ijayo tutapata mgeni, mwanamke wa Kijapani aliyeko Mombasa kwa kazi ya muda. Amekubali kukaa nasi kipindi kimoja cha Kiingereza, dakika 40. Yeye si mwalimu, na Kiingereza amejifunza shuleni kama sisi. Mkuu wa shule ameridhia.

Nataka wanafunzi waijue Japani kupitia kwake, na papo hapo Kiingereza kifanye kazi. Nachelea mambo mawili: mgeni asije akageuka mtoa hotuba, na watoto wasije wakamuuliza "Do you like Kenya?" mara kumi na mbili. Projekta hatuna. Nipange vipi, na nimwombe alete nini?

ChakiNyeupe

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Kazi kubwa iko kwenye vipindi viwili vya kabla ya Jumatano. Mgeni akilikuta darasa halijui hata Japani iko upande gani wa ramani, dakika zako zitaliwa na mambo ambayo atlasi ingewapa.

Kipindi cha kwanza tumia atlasi na ubao tu. Wachore visiwa vinne vikubwa, yaani Hokkaido, Honshu, Shikoku na Kyushu, na waweke alama Tokyo na Osaka. Sarafu yao ni yeni. Mwaka wa shule huanza Aprili. Kisha waonyeshe jambo linalowagusa wenyewe: mfumo wa Japani ni miaka 6 ya msingi, 3 ya sekondari ya chini na 3 ya sekondari ya juu, na sisi kwenye mfumo wetu wa 2-6-3-3-3 (miaka 2 ya awali mbele, 3 ya chuo nyuma) tuna 6-3-3 hiyo hiyo katikati. Kwa hiyo mtoto wako wa Gredi ya 7 yuko ngazi moja na mtoto wa Kijapani anayeanza sekondari ya chini. Hapo ndipo maswali yanapoanza kuja yenyewe.

Halafu kuna saa, na hapa usiwe na haraka. Japani iko mbele yetu kwa saa 6. Saa yetu ya Kiswahili nayo inapishana na ya Kiingereza kwa saa 6 hizo hizo. Basi tunaposema saa mbili asubuhi hapa Mombasa, mshale mfupi kwenye ukuta wa Tokyo umesimama juu ya 2, mchana. Saa tisa alasiri kwetu, Tokyo ni 9 usiku. Inakwenda hivyo siku nzima bila kukosea. Chora nyuso mbili za saa ubaoni, Mombasa na Tokyo, uwaulize: namba tunayoitamka kwa Kiswahili iko kwenye uso upi? Wakishaona kwamba iko Tokyo, lile kosa la kuandika "School starts at two o'clock" kwa maana ya saa mbili asubuhi linakuwa na mahali pa kulirekebishia. Unamwambia tu, "Hiyo ni saa ya Tokyo, niandikie ya Mombasa."

Kipindi cha pili ni cha maswali. Wanafunzi 58 wape makundi 10: nane ya watu sita, mawili ya watu watano. Kila kundi liandike maswali matatu, libakishe moja. Sharti ni moja: swali ambalo atlasi inaweza kulijibu likatwe. "What is the capital of Japan?" linakatwa. "When you were twelve, how did you get to school, and who walked with you?" linabaki, kwa sababu jibu lake analo yeye peke yake.

Yasahihishe kabla ya siku, maana Kiswahili kinajitokeza mno kwenye maswali. "Unatoka wapi?" inazaa "You come from where?" "Mnakula nini asubuhi?" inazaa "You eat what in the morning?" Na lile sugu kuliko yote, "How is Japan like?" Chagua "How is...?" au "What is... like?", usichanganye. Wafundishe pia maswali mawili ya kufuatilia, "Can you give an example?" na "Why is that?", kwa sababu mgeni akijibu kwa sentensi moja darasa huduwaa.

Dakika zako: 3 za makaribisho, 7 mgeni aonyeshe vitu alivyoleta, 20 za maswali (10 kwa dakika mbili mbili), 5 wanafunzi wamwonyeshe yeye kitu, 5 za kuandika kimya mgeni akiwa bado yupo, ili anayekwama kwenye tahajia ya neno amuulize. Maswali mpelekee siku mbili mapema. Mtu anayeongea lugha ya kujifunza hujibu vizuri zaidi akiwa amelitafuta neno.

LesoMbili

Alete vitu vya kushikwa, visivyozidi vitano. Sarafu ni bora kuliko picha: ya yeni 5 na ya yeni 50 zina tundu katikati. Ya yeni 5 ina shuke la mpunga, gurudumu la meno kuzunguka tundu, na mistari ya maji, yaani kilimo, viwanda na uvuvi. Ikipita mkononi mwa kila kundi, watoto wana la kueleza: *hole*, *edge*, *ear of rice*. Ratiba yake ya shule ya zamani kama anayo, tikiti ya treni, gazeti. Basi.

Na nyinyi muwe na cha kumpa, asiwe yeye tu wa kuulizwa. Leso, yaani kanga, ndiyo yenyewe. Wanafunzi watatu wamweleze kwa Kiingereza pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yaliyoandikwa), na jina walifasiri wenyewe, kazi ambayo si ndogo. Ina uhusiano na kwao pia: katikati ya karne ya 20 leso nyingi zilizouzwa pwani hii zilichapishwa Japani. Na wao wana kitambaa chao cha mraba cha kufungia vitu, furoshiki. Akiwa nacho, afunge daftari. Mwanafunzi naye afunge kwa leso. Hapo utasikia *fold*, *tie*, *knot*, *corner* bila kulazimisha.

Jambo jingine ambalo watoto wa Mombasa wanalo masikioni kila siku: gari lililotoka Japani likiwashwa, sauti ya kike inatoa tangazo la Kijapani. Mara nyingi ni "ETC kaado ga sounyuu sarete imasen", yaani kadi ya ETC haijaingizwa. ETC ni mfumo wao wa kulipia barabara kuu bila kusimama: kadi inakaa ndani ya kifaa garini, kizuizi kinafunguka chenyewe. Irekodi hiyo sauti kwenye simu, uicheze darasani, kundi moja liulize inasema nini na kadi inafanya kazi gani. Kwa sarufi ni zawadi, maana ni kauli ya kutendwa: "The card has not been inserted."

Swali zuri linalofuata hapo ni kwa nini watu wauze gari ambalo bado zima. Huko gari jipya la abiria hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na ukaguzi huo huja pamoja na kodi na bima. Wengi huona heri wauze. Kenya nayo hairuhusu gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hizo sheria mbili tu, mtoto anaelewa kwa nini yadi za magari za Mombasa zimejaa gari za Toyota Probox.

BahariaWaTudor

Naongeza ya masikio na matamshi.

Kijapani kina vokali tano, a, e, i, o, u, zinazotamkwa karibu sawa na zetu, na maneno mengi yanakwenda konsonanti-vokali: Yo-ko-ha-ma, sa-ka-na (samaki). Wanafunzi wako watayatamka vizuri kuliko Mwingereza, na mgeni atafurahi. Ila Kijapani hakitenganishi L na R. Mgeni anaweza kusema *light* ikasikika *right*. Waambie watoto mapema wasikilize sentensi nzima, na wawe na "Could you say that again, please?" mdomoni. Kumcheka ni mwiko.

Hapo kwenye kucheka kuna mtego, na lazima umwambie mgeni faraghani. Pweza kwa Kijapani ni *tako*. Dubu naye anaitwa kwa neno ambalo kwetu ni tusi zito, na kuna mji wa Kyushu ambao jina lake linaanza na neno hilo hilo. Darasa la miaka 12 litalipuka, na mgeni atadhani anadhihakiwa yeye. Aseme tu *octopus* na *bear* kwa Kiingereza. Pweza msimwache, kwa sababu wao wanampenda kama anavyopendwa hapa kwenye supu ya jioni, na hiyo ni njia rahisi ya kulinganisha mapishi.

Kosa jingine ni majina. Kila mtoto atataka jina lake liandikwe kwa herufi za Kijapani. Sekunde 20 kwa wanafunzi 58 ni zaidi ya dakika 19, nusu ya kipindi imekwenda. Badala yake makundi yapewe majina ya mitaa, na mgeni aje na kadi kumi tayari. Mombasa inaandikwa kwa herufi nne: mo, n, ba, sa. Likoni ni tatu, na itasomwa Rikoni. Waulize watoto kwa nini.

Asisimame ubaoni. Darasa la watu 58 chini ya mabati, madirisha wazi na feni juu, sauti ya taratibu haivuki safu ya tatu. Mweke kiti ubavuni, katikati ya urefu wa chumba, safu za mbele zigeuze madawati. Na akiulizwa akanyamaza sekunde tano, mwache. Anapanga maneno. Mwalimu akirukia kumsaidia, anamnyang'anya jibu.

BiMwandazi

Mwalimu, yangu mafupi ila yatakuepusha na wazazi.

Picha: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, na picha ni mojawapo. Kama huna idhini za maandishi, simu ya mgeni ibaki mkobani, ipigwe picha ya ubao na leso tu.

Peremende: mwambie asilete. Nyingi za huko zina jelatini, na jelatini yaweza kuwa ya nguruwe. Vingine vimetiwa mirin au pombe nyingine, na maandishi ni ya Kijapani, huwezi kusoma. Akishazitoa mbele ya watoto huwezi kuzirudisha bila aibu.

Salamu: wao huinamisha kichwa badala ya kupeana mikono. Kwa darasa lenye wavulana na wasichana wa Kiislamu hiyo inaondoa utata wa nani ampe nani mkono. Lakini kuinama kiunoni wasiiname, mzazi ataona ni rukuu ya swala. Kutikisa kichwa kidogo, mkono kifuani, inatosha na ni ya heshima pande zote mbili.

Akinogewa akataka kuja kila wiki, hiyo ishakuwa kazi, hata kama halipwi. Kazi ina kibali chake. Mkuu wa shule aulize Uhamiaji kwanza.

MwalimuWaKisauni

Shukran sana, nyote. Hilo la saa nimelijaribu kwenye karatasi, na ni kweli tupu. Mawili yamebaki. Kundi moja linataka kuuliza habari za tetemeko na tsunami: ni sawa? Na baada ya mgeni kuondoka, waandike nini?

ChakiNyeupe

Tsunami ni swali halali, na si la mbali na sisi. Ile ya Desemba 26, 2004 ilifika hadi pwani ya Kenya. Lakini ya Japani ya Machi 11, 2011 iliua watu kwa maelfu, na hujui mgeni amempoteza nani. Basi wasiulize "Did anyone in your family die?" Waulize mazoezi ya shuleni: "What did your teacher tell you to do when the ground shook?" Atawaonyesha kwa vitendo: chini ya dawati, kichwa kikingwe, mguu wa dawati ushikwe. Darasa zima lifuate amri zake. Kwenye shule nyingi mtoto ana kofia nene ya kitambaa ya kukinga kichwa, na siku za kawaida huikalia kitini kama mto. Muulizeni kama yeye alikuwa nayo.

Maandishi: aya moja, maneno 120, kesho yake. Kuna makosa mawili ya kuwinda. La kwanza ni *he* na *she*. Kiswahili kina "a-" moja kwa wote, kwa hiyo mgeni wako atakuwa mwanamume kufikia mstari wa tatu. Wapigie mstari kila kiwakilishi kabla ya kukusanya madaftari.

La pili ni zito zaidi: "Japanese people walk to school." Nani kasema? Kasema mtu mmoja, wa mji mmoja, kuhusu utoto wake. Waandike "Our visitor told us that in her town she walked to school." Ubaoni gawa safu mbili, ya atlasi na ya mgeni, na kila sentensi ioneshe imetoka safu ipi. Ukikuta jambo ambalo mgeni kasema hivi na kitabu kinasema vile, usilifute. Andika yote mawili, mtumie mgeni swali hilo kwa barua ya darasa. Barua ya shukrani mlikuwa mtamwandikia tu, sasa itakuwa na kitu ndani.

BahariaWaTudor

Barua iwe moja kwa kila kundi, si 58. Na tarehe waiandike kwa saa ya Mombasa.