Naomba ushauri: napeleka nyimbo zangu kwa wachapishaji wa muziki

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa waliowahi kukaa mbele ya wachapishaji wa muziki, yaani wale wanaosimamia haki za nyimbo na kuzitafutia waimbaji. Mwezi ujao kuna warsha ya watunzi hapa Dar, na kila mtunzi atawasikilizisha wachapishaji nyimbo mbili. Mimi natunga ili wengine waimbe, kwa hiyo nafasi hii naitamani sana.

Nina bongo fleva moja ya mapenzi na nyingine ya mwendo wa rumba. Ya rumba ndiyo naipenda zaidi, ila gitaa linapiga sekunde 40 kabla sauti haijaingia. Nasikia hawa watu huzima wimbo mapema wasiposikia kiitikio. Niupunguze utangulizi, au nianze na kiitikio kabisa? Gitaa lile ndilo linaloubeba wimbo, roho inaniuma kuligusa. Na demo (rekodi ya mfano) ya gitaa na sauti tu inatosha?

Kubwa zaidi ni haki. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, kazi inalindwa tangu inapotungwa, lakini nataka kusajili COSOTA (ofisi ya hakimiliki Tanzania) kwanza niwe na ushahidi mkononi. Hiyo rumba nimeitunga na mwenzangu mpiga gitaa, na hatujaandikiana asilimia. Naona tuandikiane kabla ya kwenda. Mlio na uzoefu, huwa mnagawana vipi maneno na melodia?

Na mchapishaji akinipa mkataba palepale, nimwachie haki zote au nimpe usimamizi kwa muda maalumu? Natanguliza shukrani.