Naomba ushauri: tamko la meya kwa Siku ya Kiswahili, Julai 7

Wakuu, habari za leo, na shikamooni kwa wanaostahili.

Sisi ni kikundi cha Waswahili huku Ohio, Marekani: Wakongo wengi, Wakenya, Watanzania na Warundi. Tunaomba meya wa mji wetu atoe tamko la kuitambua Julai 7, siku ambayo UNESCO iliitangaza Novemba 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Ofisi yake inataka mwombaji awe mkazi, aombe mapema, na aandike rasimu mwenyewe. Meya hutia saini na muhuri tu.

Rasimu niliiandika: aya tisa, kila moja inaanza na "Kwa kuwa". Ya pili ilieleza Julai 7, 1954, TANU, chama cha siasa cha Tanganyika chini ya Mwalimu Nyerere, ilipokifanya Kiswahili chombo cha kupigania uhuru. Imerudishwa. Wanasema ni ndefu, na inasomeka kama sherehe ya serikali ya nchi nyingine. Nimepunguza zikabaki tano, lakini hiyo ya 1954 mkono unakataa kuifuta. Na dada yetu mmoja keshaanza kupokea oda za maandazi!

Naomba kuuliza waliowahi kupitia haya:

Niiondoe aya ya TANU niweke habari za hapa, kama wakalimani wetu wa hospitalini na darasa la watoto la Jumamosi? Au zinaweza kukaa pamoja?

Pia, wakikataa tena, ni sawa kumwendea diwani aombe azimio la baraza, au nitaonekana nimemruka meya?

Natanguliza shukrani.